Kabla Hujasaini: Rubani Mpya na Kazi Yake ya Kwanza

Simu huja ukiwa umeshaanza kukata tamaa. Leseni ya biashara unayo, logibuku, kitabu cha kuandikia saa zako za kuruka, ina saa mia mbili na ushee, mzee nyumbani ameuza kiwanja ili ufike hapo, na kila sikukuu shangazi anauliza ni lini atapanda ndege yako. Halafu asubuhi moja anapiga mtu wa kampuni: "Kijana, unaweza kuripoti Jumatatu?" Siku hiyo hakuna anayeuliza swali. Mimi sikuuliza hata moja. Nilijibu "Ndiyo Kapteni, shikamoo Kapteni," kwa mpangilio huo huo uliopinduka, na mkataba nikausoma baada ya kuusaini.

Haya ndiyo ambayo ningeyachunguza kabla ya Jumatatu ile. Nazungumzia kazi ya kwanza huku kwetu: Cessna Caravan zinazobeba watalii kutoka Arusha, Zanzibar na uwanja wa Wilson wa Nairobi, na ATR au Dash 8, ndege kubwa zaidi za mapanga, zinazounganisha miji. Aliyeko Marekani mambo yake ni mengine. Kule, baada ya ndege ya Colgan Air kuanguka karibu na Buffalo Februari 2009 na kuua watu 50, sheria ilibadilishwa, na tangu 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la abiria anatakiwa awe na saa 1,500, pungufu kwa waliotoka jeshini au waliosoma vyuo vilivyoidhinishwa. Kwetu CPL, yaani hiyo leseni ya biashara, ya saa 200 inatosha kisheria kukukalisha kiti cha kulia cha ATR, kile cha rubani msaidizi, ukishapata mafunzo ya ndege yenyewe. Mlango uko wazi mapema, na anayeingia bado hajui kutofautisha kazi na kazi.

Swali ambalo vijana huulizana ni "unarusha nini?" Nalielewa, maana hata mimi picha yangu ya kwanza nilipiga mbele ya injini. Lakini jina la ndege linakudanganya. Mwaka 2016, Bombardier Q400 mbili za kwanza za Air Tanzania zilipotua Dar, mitandaoni watu walizicheka wakiziita pangaboi, kana kwamba ndege isiyo jeti ni feni ya sebuleni. Dhihaka ile imebaki vichwani mwa marubani wapya wengi, na huwafanya wakimbilie ndege inayopendeza machoni bila kuuliza itawaandikia nini kwenye logibuku.

Kwa hiyo fungua logibuku kwanza. Miaka yako mitatu minne ya mwanzo unaitafuta ATPL, leseni ya juu ya urubani. Saa 1,500 kila mtu anazitaja. Ndani ya hizo 1,500 mna mafungu ambayo watu huyasahau mpaka wafike dirishani kwa mamlaka ya usafiri wa anga. Kwa kipimo cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, unatakiwa uwe na saa 250 ukiwa kapteni mwenyewe, au angalau 70 za namna hiyo na zilizobaki uwe umefanya kazi ya ukapteni chini ya uangalizi. Ipo pia njia ya saa 500 zote za chini ya uangalizi. Ongeza saa 100 za usiku, 75 za kuruka kwa kufuata vyombo bila kutegemea kuona nje, na 200 za safari za kutoka mji hadi mji. Mamlaka ya nchi yako inaweza kuwa na maneno yake ya ziada, kwa hiyo kanuni zisome mwenyewe, usisimuliwe na mtu kantini.

Sasa weka kazi mbili juu ya mizani hiyo. Caravan ya utalii: baada ya muda unakabidhiwa ndege, unakuwa kapteni peke yako, na yale mafungu ya ukapteni yanajaa haraka. Ila viwanja vya hifadhini ni vya mchana. Jua likielekea kuzama, kila mtu anakimbilia nyumbani, na karibu kila safari unaruka kwa macho. Nimewaona watu wenye saa 1,800, marubani hodari wa kutua kwenye changarawe, wana saa kumi na mbili za usiku. Wanaanza kukodi ndege kwa pesa yao ili wazunguke gizani. ATR au Dash 8 ni kinyume chake: usiku utapata, mawingu utapata, nidhamu ya marubani wawili utaipata tangu siku ya kwanza, lakini saa za ukapteni zinabaki zile zile za shuleni. Uokozi wako pale ni utaratibu wa ukapteni chini ya uangalizi. Uliza kama kampuni inao, kama mamlaka imeukubali, na nani anaweka saini kwenye ukurasa. "Tutaangalia baadaye" maana yake hawana.

Kuna mtego mwingine hapa, na huu ndio unaouma kuliko yote. Caravan imethibitishwa kurushwa na rubani mmoja. Kampuni nyingi huweka wawili, na wewe utaanza kiti cha kulia. Saa za kiti hicho hazihesabiwi zote. Kanuni ya ICAO inasema kwamba pale nchi inapotaka rubani wa pili kwenye ndege ya rubani mmoja, yule wa pili anapewa si zaidi ya nusu ya muda wake anapoomba leseni ya juu, isipokuwa mamlaka iwe imeridhika kuwa ndege ina vifaa vya marubani wawili na kampuni inaiendesha kwa utaratibu huo. Na kama hakuna kanuni inayomtaka rubani wa pili, yupo tu kwa sababu mteja anapenda kuona mashati mawili meupe mbele, jiandae kubishana hata kwa hiyo nusu.

Nilipanga nyumba moja Arusha na kijana aliyekuwa akihesabu kwa furaha. Alikuja na saa 230 za chuo, akakaa kulia miaka miwili, akapata 1,100. Ukutani alibandika karatasi: 1,330. Alibakiza 170 tu, na kwao walishaanza kuulizana kuhusu sherehe. Alipopeleka vitabu, zile 1,100 zikawa 550. Jumla 780. Karatasi aliibandua jioni hiyo hiyo, na sikumsikia akitaja namba tena kwa muda mrefu. Swali lililomponyoka siku ya usaili lilikuwa fupi: "Saa za kiti cha kulia hapa kwenu, mamlaka inazihesabu vipi, na mnayo barua inayosema hivyo?"

Halafu uliza ndege ngapi zinaruka leo. Tovuti itakuonyesha nane. Nenda uwanjani asubuhi uhesabu zinazowashwa. Kampuni inaweza kuwa nzuri na bado ndege zake zikalala: Air Tanzania ilisimamisha Airbus A220 zake mwishoni mwa 2022 kwa matatizo ya injini yaliyowakumba wenye aina hiyo hata nje ya Tanzania, na rubani wa ndege iliyolala haongezi saa hata dakika moja. Kampuni inaweza pia kutoweka kabisa. fastjet ilianza Tanzania Novemba 2012 ikajaza abiria kwa nauli za chini, na kufikia mwisho wa 2018 ilikuwa imesimama. Kampuni ikifa, rubani mwenye saa za kutosha ana pa kwenda. Ukiwa na mia tatu, huna pa kwenda.

Msimu nao una hesabu yake. Utalii wa mbugani unachangamka Julai mpaka Oktoba, nyumbu wakiwa upande wa Mara, na tena mwisho wa mwaka. Aprili na Mei, masika, kambi nyingi zinafungwa na ndege zinaegeshwa. Kama mshahara wako ni kianzio kidogo pamoja na malipo ya kila saa, piga hesabu ya kodi ya nyumba kwa mwezi wa Aprili, usiipige kwa Agosti. Ile ya Agosti ndiyo watakayokutajia.

Na usidhani saa nyingi zinakuja kwa kuchoka sana. Dar kwenda Zanzibar ni kama dakika ishirini hewani. Ukiruka na kutua mara kumi, logibuku inaandika saa tatu na kitu, lakini umebeba mizigo mara kumi, umepima kilo mara kumi, umeeleza mikanda mara kumi, na shati limeshikana na mgongo. Kikomo kinachotumika sehemu nyingi ni saa 100 za kuruka ndani ya siku 28, ambacho kwa kazi ya namna hiyo hutakigusa. Kinachokugusa ni kikomo cha saa za kazi kwa siku na za kupumzika kati ya siku na siku. Omba kuonyeshwa rosta ya mwezi uliopita. Rosta halisi, iliyokatwakatwa kwa kalamu nyekundu, siyo ile safi ya kwenye kompyuta.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mengine yote yana dawa, hili halina. Kampuni hii inamfanya nini rubani anayesema hapana?

Mwaka wangu wa pili, mwezi wa nne, nilitumwa kuchukua wageni kwenye kiwanja cha udongo mweusi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Nilipita chini mara moja, kama tunavyofanya kufukuza pundamilia, nikaona maji yamesimama kwenye theluthi ya mwisho ya kiwanja na alama za tairi za gari la kambi zimezama kama zimekatwa kwa kisu. Wageni walikuwa wamesimama kando, mabegi miguuni, mmoja ananipungia kofia. Nikaondoka. Nilitua kiwanja kingine, nikaomba kambi iwalete kwa gari, saa mbili na nusu za tope. Niliporudi ofisini, bwana wa oparesheni hakunigombeza. Aliweka simu mezani, akaisukuma kwangu kwa kidole: "Wakala yuko kwenye laini. Mweleze wewe." Wiki iliyofuata rosta ilinionyesha siku tano za ofisini. Hakuna aliyetamka neno adhabu. Mwenzangu aliyepangiwa kiwanja kile kile siku tatu baadaye alitua, na alikiri kwangu kwamba hakupita chini kuangalia, kwa sababu hakutaka kuona.

Ndiyo maana kwenye usaili, wakishamaliza kukuuliza yao na kusema "una swali?", uliza hili: "Kapteni, mara ya mwisho rubani wenu kugeuza ndege ilikuwa lini, na ikawaje?" Rubani mkuu mwenye kampuni nzuri atakusimulia kisa cha juzi bila kufikiri, pengine akicheka. Mwingine atakuambia marubani wao hawageuzi. Huyo muage kwa adabu.

Sisemi haya kwa kutishana. Juni 5, 2018, Caravan iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iligonga milima ya Aberdare. Watu 10 wakafa. Novemba 6, 2022, ATR 42 ya Precision Air iliingia Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Kati ya watu 43 waliokuwamo walikufa 19, marubani wote wawili wakiwamo, na wavuvi ndio waliotangulia kufika. Sizitaji ajali hizi ili kuhukumu mtu. Uchunguzi una wenyewe. Nazitaja kwa sababu wapo wanaodhani hatari iko kwenye viwanja vya vumbi tu, na kwamba ukishavaa mistari miwili ya rubani msaidizi mabegani kwenye ndege ya kwenda mikoani umeingia ofisini. Kiwanja cha Bukoba kiko ukingoni mwa ziwa, na mawingu ya ziwa hayajali umevaa nini.

Pia uliza utafundishwa na nani, kwa safari ngapi, kabla ya kuachiwa. Arusha iko futi 4,550 juu ya usawa wa bahari, Wilson inapita 5,500. Uliyejifunza pwani na Cessna 172 utashangaa, saa saba mchana, ndege imejaa, njia ya kurukia inavyokwisha mapema. Hayo hayafundishwi kwa kusimuliwa. Kampuni inayokuambia "utajifunza ukiwa kazini" bila kutaja idadi ya safari na jina la mkufunzi haina programu ya mafunzo.

Kuhusu hali ya ndege, usiulize ofisini. Ofisini kila ndege ni nzima. Nenda nyuma ya hanga saa nne asubuhi, mafundi wanapokunywa chai na chapati, usalimie vizuri, ununue raundi moja. Usiwaulize kama ndege ni salama, maana watakuangalia tu. Waulize vipuri huchukua siku ngapi kufika. Waulize kama rubani akiandika kasoro kitabuni wanapata muda wa kuitengeneza, au wanaombwa "waifunge" kwa kalamu tu kabla ya safari ya saa sita. Fundi mmoja aliwahi kunijibu kwa kucheka tu na kunisogezea sukari. Nilielewa.

Kwa Tanzania kuna la ziada. Juni 2025 Umoja wa Ulaya uliyaweka mashirika yote yaliyothibitishwa Tanzania kwenye orodha yake ya usalama wa anga, baada ya kutangulia kuiweka Air Tanzania Desemba 2024. Saa zako hazifutiki kwa hilo. Ila wageni wengi wa mbugani wanatoka Ulaya, na wakala anayewauzia safari anatakiwa awaeleze. Muulize mwajiri amelipokeaje: ana ukaguzi gani wa nje, IOSA, yaani ule wa usalama wa IATA, chama cha mashirika ya ndege, au mwingine, na mara ya mwisho ulifanyika lini.

Bondi, yaani mkataba wa kukufunga ukae kampuni ikikulipia mafunzo. Taipu retingi, idhini ya kurusha aina fulani ya ndege, kwa ndege kubwa ni ghali, na kampuni ikikulipia ina haki ya kukutaka ukae. Ubaya uko kwenye maandishi. Deni lipungue kila mwezi, na jedwali liwe ndani ya mkataba. Mwenzangu mwingine alisaini miaka mitatu bila jedwali. Alipopata kazi bora akiwa amebakiza miezi miwili, alidaiwa fedha yote kama ndiyo kwanza ametoka simuleta. Soma pia inasemaje wakikufukuza wao, wakifunga kampuni, au daktari akikunyima cheti cha afya. Kiasi kilingane na gharama halisi ya mafunzo, na risiti uione. Leseni yako halisi, kijitabu chenyewe, usimwachie mtu kabatini kama dhamana. Mkataba mpelekee wakili. Laki chache hizo hutazijutia.

Anayekutaka ulipe ili urushe abiria wake, yaani ununue saa, simshauri mtu. Umelipa chuo. Abiria amelipa tiketi. Wewe unalipa tena kwa kazi gani? Na anayekutumia ujumbe wa kazi nzuri akitaka "ada ya usindikaji" ni tapeli wa kawaida, hata kama nembo ya shirika imekaa sawasawa.

Kuna kazi zinazolipwa kwa dola: Sudan Kusini, Somalia, mashariki ya Kongo, nyingi zikianzia Wilson. Mshahara unavutia na saa zinakuja mbio. Kabla ya kukubali, omba bima yako isomwe neno kwa neno, kwa sababu bima ya kawaida huondoa vita, na huko ndiko vita viliko. Mei 4, 2020, Embraer 120 iliyobeba vifaa vya kupambana na korona ilitunguliwa Bardale, Somalia, ikikaribia kutua. Wote 6 walikufa. Kwa mtu wa saa mia mbili, nadhani kazi hizo zingoje.

Makaratasi sitayachelewesha. Huwezi kurusha ndege ya 5H, yaani iliyosajiliwa Tanzania, kwa leseni ya Kenya, wala ya 5Y, ya Kenya, kwa leseni ya Afrika Kusini, mpaka mamlaka ya nchi ilikosajiliwa ndege ikuthibitishe. Wengi hurudi kutoka Afrika Kusini wakidhani wiki mbili zinatosha, na zinakuwa miezi. Cheti cha afya cha daraja la kwanza kiwe na muda mrefu mbele yake. Kiingereza cha kiwango cha nne kinapimwa upya, cha sita hakipimwi tena, kwa hiyo ukiweza lenga sita. Na kila ukurasa wa logibuku upige picha mwisho wa mwezi; begi la rubani huibiwa kama begi lolote.

Simu ikija, shukuru, kisha omba siku mbili za kusoma mkataba. Kwenye kazi yangu ya pili niliziomba huku mkono unatetemeka. Yule mama wa utumishi akasema, "Chukua wiki, mwanangu, watu wote huchukua wiki," na jioni karatasi za bondi zikaingia kwenye barua pepe, jedwali la mwezi kwa mwezi likiwa ukurasa wa nne.